Gari Limetoka Gereji: Likagueni Kabla ya Kutia Sahihi

Mwaka 2016 chama chetu cha ushirika kilinituma mjini, mimi na wajumbe wenzangu wawili. Tulikwenda kuchukua gari la chama. Gari lenyewe ni pikapu. Lilikuwa limegongana na lori kwenye kona, mwanzoni mwa msimu wa pamba. Hakuna aliyekufa. Lakini mbele, upande wa kushoto, lilikuwa limebonyea kama debe lililokanyagwa na ng'ombe.

Gari lilikaa gereji wiki saba. Wiki zote hizo tulisomba pamba kwa mikokoteni na baiskeli. Wagonjwa walipelekwa kwa pikipiki. Kwa hiyo tuliposikia kwamba gari limepona, tulifurahi sana. Hatukulala.

Tulifika gereji jioni. Mvua ilikuwa inanyunya. Gari lilikuwa limeoshwa na linang'aa. Tulilizunguka mara moja. Tukapiga honi, ikalia. Fundi akatuletea karatasi. Karatasi ilisema kwamba tumelipokea gari na tumeridhika na kazi. Tukatia sahihi, sote watatu.

Baada ya wiki tatu tairi la mbele la kushoto lilikuwa limelika upande mmoja, kama limesuguliwa kwa msasa. Mvua kubwa iliponyesha, maji yaliingia ndani na kulowesha miguu ya dereva. Siku moja dereva alifunga breki ghafla ili asimgonge mbuzi. Gari likavutwa kando, karibu litumbukie mtaroni. Nyuma walikuwa wamepanda watu tisa, kosa ambalo nalo lilikuwa letu.

Tulirudi gereji. Tukaonyeshwa karatasi yetu. Sahihi zilikuwa tatu, na zote zilisomeka vizuri. Kazi ya pili tuliilipa kwa fedha iliyokuwa imetengwa kununulia dawa ya pamba.

Huenda utasema, "Sisi ni wakulima. Mambo ya magari tutayajuaje?" Hata mimi nilisema hivyo. Lakini ukaguzi mwingi wa gari hautaki ufundi wa magari. Unataka macho, muda na vitu vichache ambavyo kijijini vipo.

Vitu vya kuchukua

Chukueni kadi ya gari. Chukueni ile orodha ya matengenezo ambayo fundi aliiandika mwanzoni, yenye kila kitu alichosema atakibadili na bei yake. Kama mlipiga picha za gari kwa simu siku ya ajali, nendeni nazo. Zitawaonyesha mahali hasa palipoumia.

Tena chukueni kamba isiyonyumbuka, yenye urefu wa mita sita hivi. Chukueni tochi, chaki, dumu la maji, na sumaku ndogo. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inafaa. Ifungeni kwa kitambaa laini isikwaruze rangi. Mwende na dereva wenu, kwa maana yeye analijua gari lilivyokuwa kabla ya ajali. Na mfike asubuhi. Jioni haifai, na gari lililolowa halikaguliki, kwa sababu maji huficha mawimbi ya rangi.

Rangi na puti

Gari liwe safi, liwe kavu, liwe juani. Chuchumaa kwenye kona ya nyuma, kisha tazama ubavu wa gari kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao kuona kama umenyooka. Ukiona mawimbi, mahali hapo hapakunyooshwa vizuri. Linganisha rangi ya mlango na rangi ya madigadi. Tazama pia mipira ya vioo na taa. Ukikuta rangi imerukia huko, ujue fundi hakufunika vizuri kabla ya kupuliza.

Sasa sumaku. Mafundi wa bodi hutumia puti. Puti ni kama unga uliokandwa. Hupakwa mahali palipobonyea, hukauka, kisha husuguliwa kwa msasa na kupigwa rangi. Puti nyembamba si kosa. Kila fundi huitumia kidogo kumalizia kazi yake. Lakini mwingine hanyooshi bati. Anajaza puti nene tu, kama mtu anayeziba shimo la ukuta kwa udongo. Kwenye barabara zetu za makorongo puti hiyo hupasuka na kubanduka, na chini yake bati hushika kutu.

Weka sumaku upande ambao haukugongwa, uone inavyonasa kwa nguvu. Kisha iweke upande uliotengenezwa. Ikinasa kwa unyonge au ikianguka, hapo puti ni nene. Weka alama ya chaki pembeni. Lakini usimlaumu fundi kwa sababu ya bampa la plastiki. Sumaku hainasi plastiki hata kidogo.

Nafasi za milango

Fungua na kufunga kila mlango. Mlango mzuri hufungika bila kubamizwa na bila kunyanyuliwa. Tazama nafasi iliyopo kati ya mlango na bodi. Iwe sawa juu hadi chini. Fanya hivyo kwa boneti pia, kushoto na kulia. Nafasi ikiwa pana huku na nyembamba kule, si jambo la sura tu. Mara nyingi ni dalili kwamba kitu kikubwa zaidi bado kimepinda. Ndivyo lilivyokuwa gari letu. Boneti ilikuwa imebana upande wa kushoto, nasi tuliona, tukadhani ni upya wake.

Kamba na chesisi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoumia.

Pikapu na lori hujengwa juu ya chesisi. Hivi ni vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Chesisi ni kama msingi wa nyumba. Ikipinda, unaweza kupaka rangi ya dhahabu juu yake, gari litabaki kilema.

Wewe unajua fundi wa nyumba anavyopima msingi. Hutoa kamba kutoka pembe hii kwenda pembe ile ya mkabala. Kisha hupima pembe mbili zilizobaki. Kamba zikilingana, msingi uko sawa. Zisipolingana, nyumba imekwenda upande. Chesisi hupimwa vivyo hivyo. Ina matundu yaliyotobolewa kiwandani, na mengi yapo kushoto na kulia kwa kulingana. Pima kutoka tundu la mbele kushoto hadi tundu la nyuma kulia. Kisha pima kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Mwombeni fundi awaonyeshe matundu yanayolingana, na apime pamoja nanyi.

Ni hatari kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumieni shimo la gereji au gari liwekwe juu ya nguzo imara.

Kipimo cha pili hakihitaji kuingia chini. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele moja kwa moja. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Kisha pima upande wa kulia. Vipimo vilingane. Gari letu lilipopimwa hivi mara ya pili, upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Gurudumu lilikuwa limesukumwa nyuma siku ya ajali na halikurudishwa mahali pake.

Mulika tochi mahali palipochomelewa. Chuma kilichochomelewa vizuri huonyesha mshono usiokatika na usio na matundu. Ukiona rangi nyeusi nene imepakwa mahali pamoja tu, uliza kilichofichwa. Magari madogo mengi hayana chesisi ya namna hii. Bodi yao ndiyo msingi, na kupimwa kwake kunataka mtambo. Kwa gari la namna hiyo, ombeni karatasi ya vipimo.

Taa, mikanda na maji

Washeni taa zote, moja baada ya nyingine, pamoja na taa za breki. Taa kubwa zimulike ukuta. Isiwepo inayotazama miti na nyingine inayotazama miguu.

Vuta kila mkanda wa kiti kwa ghafla. Ni lazima ushike. Mkanda uliomzuia mtu katika ajali kubwa hubadilishwa, hata kama unaonekana mzima, kwa kuwa nyuzi zake zimekwisha kuvutika. Kama gari lina mifuko ya hewa ya kuokoa watu, dereva awashe swichi bila kuwasha injini. Taa ndogo ya mifuko hiyo huwaka kwa sekunde chache, kisha huzimika. Ikibaki inawaka, kuna kasoro. Isipowaka kabisa, pia ulizeni. Wapo wanaoikata ili kuficha kwamba mifuko iliyofumuka haikubadilishwa.

Kisha fungeni milango, mtu mmoja akae ndani, na mwingine amwage maji taratibu kwenye kioo cha mbele na kuzunguka milango. Kazi hii ni ya dakika tano. Sisi hatukuifanya.

Barabarani

Msikubali gari bila kuliendesha. Chagueni barabara tambarare isiyo na magari mengi. Dereva alegeze mikono kidogo bila kuachia usukani. Gari liende mbele, lisivutwe upande. Kisha, akiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na nyuma hakuna mtu, akanyage breki kwa nguvu. Gari lisimame likiwa limenyooka.

Kama kuna mchanga mbichi karibu, mpitisheni humo polepole, akienda moja kwa moja. Tazameni nyayo za matairi. Nyayo za nyuma zifuate za mbele, na kama zimetoka nje kidogo, zitoke sawa kushoto na kulia. Gari lililopinda hutembea kama mbwa, kichwa huku na mkia kule.

Mkirudi, acheni injini inguruma kidogo, kisha tazameni chini. Je, kuna maji ya rejeta au mafuta yanayodondoka?

Karatasi

Sasa fungueni ile orodha. Msomeni kimoja kimoja. Imeandikwa taa mpya? Iko wapi? Ile ya zamani iko wapi? Mna haki ya kuomba vitu vya zamani mvione. Kama kazi inalipwa na bima, kampuni ya bima inaweza kuvichukua, lakini mvione kwanza. Hesabuni pia tairi la akiba, jeki na spana. Linganisheni namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi.

Kwa wenye bima kubwa, kampuni ya bima hulipa gereji baada ya ninyi kutia sahihi kwamba mmeridhika. Sahihi hiyo ndiyo nguvu yenu. Mkikuta kasoro, ziandikeni kwenye karatasi hiyo hiyo, au msitie sahihi mpaka zirekebishwe, na mwijulishe kampuni siku hiyo hiyo. Bima ndogo hailipii gari lenu. Hulipia wale mliowaumiza au kuwaharibia mali. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ndiyo inayosimamia kampuni za bima, na hupokea malalamiko.

Fundi mwingine atakasirika akiona kamba na sumaku. Msigombane naye. Fundi hodari huchuchumaa pamoja nanyi na kushika ncha ya pili ya kamba. Nanyi msitafute makosa madogo ili mkwepe kulipa; mtu huyo naye ana watoto.

Gari likifika kijijini, kazi bado kidogo. Nati za magurudumu yaliyofunguliwa hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu huweza kulegea. Rangi mpya isioshwe kwa sabuni kali katika wiki za kwanza. Na kila Jumamosi, kwa mwezi mzima, dereva apapase matairi ya mbele kwa kiganja, upande wa ndani na wa nje. Akiona upande mmoja umeanza kulika, arudi gereji mapema, akiwa na nakala ya ile karatasi.