Sauti Isiyosikika Yaosha Vyuma

Katika mitaa mingi ya miji yetu fundi hana karakana. Ua wa nyumba ndio karakana yake. Baba afungua kabureta ya pikipiki chini ya mti, mama apika karibu naye, na watoto wacheza katikati. Ndivyo alivyoishi jirani yetu mmoja wa Bukavu, mtu wa bidii na mwenye mikono yenye akili. Jumamosi moja alitia esansi ndani ya beseni, akazamisha humo mnyororo, skrubu na vipande vya kabureta, ili aviondolee mafuta na masizi. Mkewe aliweka mbabula yake ya makala mbali kidogo, kama hatua nane toka hapo. Hakuna aliyesogeza moto karibu na beseni. Lakini ghafla moto ulitambaa juu ya udongo, toka kwenye mbabula hata kwenye beseni, kama nyoka arudiye shimoni mwake.

Mama alikimbilia ndoo ya maji. Fundi alimkataza kwa sauti kuu, maana esansi huelea juu ya maji. Ukiyamwaga humo, huizimi, waitawanya tu, na moto waenea pamoja nayo. Alishika koleo, akafunika beseni kwa mchanga. Mtoto wao wa miaka 3, aliyekuwa ameketi karibu, alinyakuliwa na dada yake. Fundi mwenyewe aliungua mkono wa kuume, na kwa majuma mengi hakuweza kushika ufunguo wa kufungulia boliti.

Jioni watu walisema mengi. Wengine walitaja upepo. Wengine walinong'ona kwamba ni kazi ya mtu mwenye kijicho. Sisi twataka kuonyesha sababu yenyewe, kisha tueleze njia nyingine ya kuondoa mafuta katika vyuma vidogo, njia isiyohitaji esansi hata tone moja.

KILICHOTAMBAA CHINI

Esansi haiwaki yenyewe ikiwa maji maji. Mvuke wake ndio uwakao. Nayo hutoa mvuke upesi sana, hata penye baridi kali kuliko barafu. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hushuka na kutambaa chini, ukijaza mashimo na pembe za ua. Ukifika kwenye kaa moja tu la moto, huwaka, na ndimi za moto hurudi mbio mpaka kwenye chombo ulikotoka. Basi, hapakuwa na mchawi. Hatua nane hazikutosha, ndiyo sababu.

Na hata pasipo moto, esansi hudhuru. Hukausha ngozi ya mikono, na mvuke wake huumiza kichwa cha mwenye kuuvuta.

MASHINE YA FUNDI SAA

Baada ya ajali ile tulimtembelea fundi saa mmoja. Juu ya meza yake palikuwa na chombo kidogo cha chuma kisichoshika kutu, chenye kimo cha kikombe kikubwa na upana wa sahani. Ndani yake mlikuwa na maji ya moto yenye sabuni kidogo. Fundi aliweka kijigurudumu cheusi kwa mafuta ya zamani ndani ya kikapu cha waya, akakizamisha, akabonyeza kitufe. Tulisikia mlio mwembamba kama wa nyenje. Mara wingu jeusi lilianza kutoka kwenye meno ya gurudumu, kama wino utokavyo katika kalamu iliyotumbukizwa majini. Kwa dakika chache chuma kiling'aa, na hakuna burashi iliyokigusa.

Je, ni nini kilichoosha? Fundi alijibu, «Ni sauti.» Tulidhani anatania.

NAMNA SAUTI IOSHAVYO

Sauti ni mtikisiko. Ngozi ya ngoma hutikisika, hutikisa hewa, nayo hewa hutikisa masikio yetu. Sikio la binadamu husikia mitikisiko ipatayo 20,000 kwa sekunde moja. Ikizidi hapo, kwetu ni kimya. Popo, yeye husikia zaidi, na kwa sauti hiyo hujiongoza gizani. Mashine nyingi za namna hii hutikisa maji mara 40,000 hivi kwa sekunde. Ule mlio mwembamba tuliousikia ni mabaki tu ya kazi yake. Sauti yenyewe hatuisikii. Akina mama waliopigwa ekografi hospitalini wamekwisha kukutana na ndugu ya sauti hiyo, ila ile ya hospitali hutikisika mara mamilioni kwa sekunde, na hutumwa kwa upole ili imwonyeshe mtoto bila kumdhuru.

Sasa angalieni ndani ya maji. Kila mtikisiko huyavuta maji, kisha huyasukuma. Yavutwapo kwa nguvu, hutatuka, na viputo vidogo mno huzaliwa humo. Yasukumwapo, viputo hivyo hupondwa na kufa. Kila kiputo kifapo karibu na chuma hurusha mshale wa maji, mdogo usioonekana, lakini wenye nguvu. Mshale huo huipiga girisi na kuibandua. Kimoja si kitu. Lakini viputo ni vingi kupita hesabu, na haba na haba hujaza kibaba. Tena huzaliwa popote maji yafikapo: katikati ya viungo vya mnyororo, kwenye mikunjo ya skrubu, ndani ya vijitundu vya kabureta ambamo burashi haiingii kabisa.

WALIOIFUNGULIA NJIA

Mashine hii ina historia. Mwaka 1880, huko Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba kipande cha jiwe liitwalo kwatsi kikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata walihakikisha kwamba neno hilo lina kinyume chake: kikipewa umeme, hujinyosha na kujikunyata. Wakati wa vita kuu ya kwanza, mtaalamu Mfaransa Paul Langevin alitumia kwatsi kutuma sauti kali baharini, ili kutafuta nyambizi za adui. Yasemekana samaki walioingia karibu na chombo chake walikufa, na mtu aliyetia mkono majini alisikia maumivu. Mpaka leo, chini ya chombo cha kuoshea, hubandikwa kifaa kilichojengwa kwa mfano wake, ila badala ya kwatsi hutumika kauri ya namna maalumu.

Na viputo je? Mapanga yasukumayo meli yalitobolewa na kuliwa ndani ya maji matupu. Mwaka 1917 Mwingereza Lord Rayleigh alipiga hesabu, akaonyesha jinsi kiputo kinachopondwa kiwezavyo kukusanya nguvu kubwa mahali padogo. Yale yaliyoharibu chuma cha meli, leo yamefugwa ndani ya chombo cha mezani, yapate kukisafisha chuma.

NAMNA YA KUITUMIA

Mbele ya yote, pangusa kwa kitambaa mafuta mazito na matope. Mashine hubandua utando mwembamba wa girisi. Haikuumbwa kwa kuchimba udongo.

Pili, tia maji ya uvuguvugu mkali, kama nyuzi 50 au 60, pamoja na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Joto hulainisha girisi. Sabuni huyasaidia maji kupenya, tena huishika girisi iliyobanduka isirudi kwenye chuma. Lakini usichemshe. Maji yakikaribia kuchemka, viputo hujaa mvuke na kupoteza ukali wao.

Tatu, washa mashine dakika 5 au 10 kabla ya kutia vyuma. Maji mapya yana hewa ndani yake, na hewa hiyo huwa kama mto wa kulalia kwa viputo. Iache itoke kwanza.

Nne, weka vyuma ndani ya kikapu, au uvitundike kwa waya. Visilale juu ya sakafu ya chombo, maana huisugua, huitoboa, na huzuia mtikisiko. Visigusane mno. Ni vizuri pia kuvigeuza mara kwa mara, kwa kuwa nguvu ya sauti haienei sawasawa: pana mahali penye nguvu na mahali penye udhaifu, vikifuatana kila sentimeta mbili hivi. Wataka kuhakikisha? Tumbukiza kipande cha karatasi nyembamba ya alumini kwa dakika moja, kisha ukitazame juani. Utaona vitundu pale viputo vilipopiga.

Tano, baada ya dakika 5 au 10 toa vyuma, visuuze kwa maji safi, uvikaushe mara moja, kisha uvipake mafuta mepesi. Neno hili wengi hulisahau. Chuma kilichoondolewa mafuta yote ni kama mtu aliyevuliwa nguo kwenye baridi: kutu humjia siku ile ile.

MAMBO YA KUKATAZA

Usitie esansi ndani ya mashine hii, wala alkoholi, wala kitu chochote kinachoshika moto. Wako wanaofikiri, «Esansi huosha vizuri, na mashine huosha vizuri, nikiviunganisha nitapata mara mbili.» Watapata moto mara mbili. Mtikisiko huongeza mvuke, chombo chatia joto, na umeme u chini yake. Ajali ya jirani yetu ilitokea uani. Hii ingetokea chumbani, juu ya meza.

Usitie maji ya javeli. Hula chuma cha chombo. Usitie soda kali penye vipande vya alumini, kama mwili wa kabureta, maana soda huiyeyusha alumini. Usitie kidole majini mashine ikifanya kazi, na mtoto asiachwe peke yake karibu nayo. Usiiwashe ikiwa tupu, la sivyo itaharibika. Lulu na vito laini visitiwe humo. Na maji machafu yaliyojaa mafuta yasimwagwe mtoni, ziwani wala karibu na kisima. Yaache yatulie katika dumu, uenguo mafuta yaliyopanda juu.

ASIYE NA MASHINE

Twajua kwamba si kila nyumba iwezayo kununua chombo hiki, wala si kila mtaa wenye umeme wa kutegemewa. Ile ndogo ya lita mbili hailingani na pasi kwa kula umeme, lakini hata umeme mdogo haupo siku zote. Je, asiyenacho arudie esansi? Hapana. Ukishaelewa kazi ya mashine, waweza kuigawanya: joto hulainisha, sabuni hushika, nguvu hubandua. Maji ya moto na sabuni waweza kuyapata. Inabaki nguvu, nayo ni burashi ya meno iliyochakaa, unyuzi wa shaba wa kupitisha vijituduni, na subira. Mnyororo waweza kutiwa katika chupa yenye mdomo mpana, pamoja na maji ya moto na sabuni, ukatikiswa kwa mikono. Kazi itachukua nusu saa badala ya dakika kumi.

Mafundi wa mtaa mmoja waweza vilevile kuchanga fedha, wakanunua mashine moja na kuitumia kwa zamu.

Jirani yetu amepona, ingawa vidole viwili havijinyoshi vema. Mashine bado hajainunua. Juma lililopita tulimkuta uani pamoja na mwanawe wa kwanza, mbele yao sufuria kuukuu ya maji ya sabuni yanayofuka mvuke, wakisugua vijitundu vya kabureta kimoja kimoja. Mbabula ya mama ilikuwa mahali pake, na yule mtoto mdogo alikuwa ameketi katikati, akicheza na skrubu safi.