Mshahara wa usiku: gharama ya kumtunza mzazi Nchiru

Ukiuliza Nchiru, Meru, gharama ya kumtunza mzazi asiyeweza kuinuka kitandani, utatajiwa mshahara wa msaidizi, basi. Hesabu hiyo ni nusu. Nje ya majiji na manispaa za zamani, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kilichowekwa Novemba 2024 ni takriban Sh8,596 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Kwa pesa hizo unapata saa 52 za kazi kwa wiki, na wiki ina saa 168. Ukitaka mzee aangaliwe usiku na mchana, ajiri watatu, zaidi ya Sh25,700, na bado saa 12 zitawasubiri jamaa. Ruzuku ya serikali ya Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, haifiki hata robo ya mshahara mmoja.

Kwa hivyo usikimbilie kusema makao ya wazee ni ghali. Uliza kwanza bei inabeba nini: nepi, dawa, gari la kwenda hospitali. Bei ndogo yenye nyongeza kila wiki ndiyo humaliza ng'ombe wa boma.

Yapo pia makao yasiyotoza. Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inaendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor kwa sadaka, na huwapokea wazee maskini. Lakini kutoka Meru ni zaidi ya kilomita 200, na mgeni wa mbali hutarajiwa. Mimi ningechagua makao ya kawaida Meru mjini, ambako naweza kupanda matatu na kubisha hodi bila taarifa.

Nenda baada ya chakula cha jioni, au Jumapili. Asubuhi ya siku ya kazi kila mahali panang'aa. Uliza nani hukesha, na hukesha na wazee wangapi. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi; omba daftari la jana usiku. Tazama visigino na mfupa wa makalio: wekundu usiofifia ukiubonyeza ni mwanzo wa kidonda. Kikombe cha maji kiko karibu na mkono, au kimepambwa dirishani? (Harufu kali ya dawa ya kusafishia hunitia shaka kuliko harufu ya mkojo.) Mzee apimwe uzani siku ya kuingia, kisha kila mwezi. Muuguzi aonyeshe leseni ya Baraza la Wauguzi. Mwenye nayo hakasiriki.

Maswali hayohayo muulize msaidizi wako wa nyumbani, na daftari liwepo. Kama mfuko unaruhusu mshahara mmoja tu, ajiri wa usiku. Mchana majirani hupita, wajukuu hurudi kutoka shuleni, uji hupatikana. Sheria inaruhusu mfanyakazi wa usiku hadi saa 60 kwa wiki: usiku sita wa saa kumi kumi. Usiku wa saba ni zamu ya watoto wa mzee, na ipangwe kwa majina kabla msaidizi hajaanza kazi.