HERUFI NANE TU: Namna protini inavyotambua ARN ndani ya hamira



Katika masomo ya biolojia tunafundishwa hivi: ADN inanakiliwa kuwa ARN mjumbe, ARN mjumbe inasomwa na ribosomu, na protini inatoka. Tunayashika kwa kichwa, tunayaandika siku ya mtihani, tunapata pointi zetu. Lakini ulizo moja linabaki. Kama amri zote zimekwisha kuandikwa, nani anaamua amri gani itimizwe leo na gani ingoje? Juu ya kujibu, tumechagua kiumbe kidogo ambacho kila mtu anakijua jikoni: hamira, ile wengi wetu tunaita levire.

Hamira na njaa yake

Hamira si dawa ya unga. Ni viumbe hai, kila kimoja seli moja tu. Upana wa seli ni karibu mikromita 5, maana yake seli 200 zikipangwa mstari zinajaza milimita moja. Jina la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae. Mwaka 1996 wataalamu walimaliza kusoma ADN yake yote: herufi karibu milioni 12, na jeni karibu 6000.

Kama sukari iko mingi, hamira haina haja kubwa ya kupumua. Inachachusha. Inakata sukari, inatoa hewa ya kaboni inayoinua unga wa mandazi, tena inatoa alkoli, sawa ile ya kasiksi. Sukari ikiisha, inaanza kula ile alkoli yenyewe. Kwa kazi hiyo inahitaji oksijeni na mitokondria zenye nguvu. Basi inapaswa kubadili maisha. Isipobadili, itakaa na njaa mbele ya chakula. Na kujenga mitokondria nyingi wakati sukari ingali mingi ni kupoteza nguvu bure.

Protini inayotafuta alama

Kati ya protini zinazosaidia mabadiliko hayo iko moja inaitwa Puf3. Hiyo haisomi ARN mjumbe yote. Inatafuta kwenye mkia, ile sehemu inayokuja nyuma ya amri na ambayo ribosomu haitafsiri. Pale inatafuta alama hii: U-G-U-A, halafu herufi moja yoyote, halafu A-U-A. Herufi nane tu!

Mwaka 2004 wataalamu walikamata Puf3 pamoja na ARN zote zilizoshikamana nayo. Walikuta ARN za jeni zaidi ya 200, na nyingi zao zinahusu mitokondria. Kumbe alama ile ni kama muhuri wa ofisi moja juu ya barua zake zote.

Inatambua namna gani?

Puf3 haina macho. Inatambua kwa kugusa. Umbo lake limepinda kama ndizi. Upande wa ndani iko na visehemu nane vinavyofanana, vimepangwa mfululizo, kila kimoja na asidi amino karibu 36. ARN inapita kwenye upande huo wa ndani, na kila kisehemu kinashika herufi moja. Mpango wenyewe ni wa kinyume: kisehemu cha nane ndicho kinashika herufi ya kwanza.

Juu ya nini kisehemu cha U hakikubali G? Kila herufi iko na ukingo wake, na ukingo huo unafaa kwa asidi amino fulani. Kisehemu kinatoa asidi amino mbili za kushika ukingo, na ya tatu inalala bapa kati ya herufi mbili, sawa karatasi katikati ya vitabu. Kwa kawaida mpango ni huu:

– asparajini na glutamini: zinashika U
– sisteini (ao serini) na glutamini: zinashika A
– serini na asidi ya glutamiki: zinashika G

Viunganisho hivyo, hasa vile vya hidrojeni, ni dhaifu. Kimoja peke yake hakiwezi kitu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa: visehemu nane vikishika pamoja, ARN haiponyoki kwa urahisi. Tena ukibadili ile G ya mwanzo, Puf3 inapoteza mshiko wake.

Mambo haya yalionekana wazi mwaka 2002, katika protini ya watu iliyo ndugu ya Puf3, inayoitwa Pumilio 1. Mwaka 2009 umbo la Puf3 yenyewe likaonekana. Ndipo walikuta iko na kijishimo kimoja zaidi, kinachopokea C iliyokaa nafasi mbili mbele ya alama.

Hamira iko na protini nyingine za jamaa hii. Puf4 inapenda alama ya herufi tisa, kama UGUAUAUUA. Linganisheni na ya Puf3: UGUAUAUA. Tofauti ni U moja tu, lakini barua nyingi za Puf4 zinahusu utengenezaji wa ribosomu, si mitokondria.

Ikishika, inafanya nini?

Tuchukue mfano wa ARN ya jeni COX17. Protini yake inabeba madini ya shaba na kuyapeleka mitokondria, sababu mashine ya kupumua haifanyi kazi bila shaba. Wakati glukozi iko, Puf3 inashika ARN hiyo na kuita protini nyingine zinazokata mkia wake wa A. Mkia ukikuwa mufupi, ARN inavunjwa haraka.

Glukozi ikiisha, seli inabandika fosfati mahali pengi juu ya Puf3. Mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwamba hapo Puf3 inageuka: inasaidia ARN zile zile zisomwe na protini zitengenezwe. Alama ni ile ile, mshikaji ni yule yule, lakini kazi imebadilika kufuatana na chakula.

Basi ulizo letu la mwanzo limepata jibu. Kuwa na amri iliyoandikwa hakutoshi. Inapaswa kuwa na mwenye kuitambua na kujua saa yake. Hata kwetu watu ni vile: mwaka 2018 ilionekana kwamba mtu akipungukiwa na Pumilio 1, ubongo unaumia. Wengine wanachelewa kukua kiakili, wengine wanakosa usawa wakitembea. Ndiyo maana watu wanachunguza hamira kwa bidii hivi.

Zoezi

Mutafute ARN ambayo Puf3 itashika:
a) GACUUGUAUAUACC
b) GACUUGUAUAUUACC
c) GACUUCUAUAUACC

Jibu ni (a), na hata ile C ya kijishimo iko. Ya (b) ni ya Puf4. Ya (c) imekosa G, Puf3 itaiacha ipite. Mwenye kupata tofauti arudilie kuhesabu herufi moja moja, sawa protini inavyofanya.