Koni za misindano shambani: zifanye matandazo kwanza, mboji baadaye

Leo tuongelee kitu ambacho ukipita Mufindi, Njombe au Makete unakikanyaga tu: yale matunda makavu ya paina, magumu, yenye magamba. Watu wa misitu wanayaita koni. Vijana wengi wa parachichi wananiuliza, "Afisa, hizi si zinatupwa bure? Nikizimwaga shambani kuna shida?" Jibu langu: zinafaa, ila usikurupuke.

Kwanza, zinatoka wapi?
Misindano mingi ya kwetu, ikiwemo ya Sao Hill, ni aina ya Pinus patula yenye asili ya Mexico. Koni zake hung'ang'ania matawini miaka mingi zikiwa zimefunga. Kwa hiyo ukitaka nyingi, nenda palipovunwa miti, kwenye matawi yaliyoachwa. Msitu wa mtu ni mali ya mtu, na msitu wa serikali una wenyewe, yaani TFS. Omba ruhusa kabla ya kupakia hata kiroba kimoja.

Je, zinaleta tindikali?
Hofu hii ni kubwa kuliko tatizo lenyewe. Majani na koni mbichi zina tindikali kiasi, lakini zikikaa juu ya udongo na kuoza taratibu hazibadilishi pH kwa kiwango cha kukutisha. Udongo mwingi wa Nyanda za Juu Kusini una tindikali hata pasipo paina. Pima udongo, na kama pH iko chini weka chokaa ya kilimo. Usiisingizie koni.

Shida yenyewe ni nitrojeni
Koni ni kama mbao: kaboni nyingi, nitrojeni kidogo sana. Ukizichimbia ardhini, vijidudu vinavyoziozesha vitachukua nitrojeni ya udongo, na mazao yako yatabaki na njaa. Utaona majani ya chini ya mahindi au kabichi yanageuka njano, unakimbilia duka la pembejeo kununua urea. Hiyo ni hela imepotea. Zikibaki juu kama matandazo, shida hii huwa ndogo.

Namna ya kuziweka kwenye miche ya parachichi
1. Palilia, kisha mwagilia au subiri mvua. Matandazo hutunza unyevu uliopo, hayaleti maji.
2. Tanguliza nyasi kavu au majani ya paina. Koni peke yake zinaacha nafasi kubwa, jua na upepo vinapita.
3. Weka koni juu ili zikandamize nyasi zisipeperuke. Unene wote ufike sentimita 7 hivi.
4. Acha sentimita 20 kutoka kwenye shina. Matandazo yakigusa shina, linabaki na unyevu na linaweza kuoza.

Sasa piga hesabu. Mche mmoja, ukitandaza hadi nusu mita kutoka shinani, unakula kama lita 46, yaani ndoo 2 za lita 20 na ziada. Eka moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 ina miche 80 hivi, kwa hiyo unahitaji takriban ndoo 185 za nyasi na koni pamoja. Koni ni bure, usafiri si bure. Kama shamba liko mbali na msitu, mabua ya mahindi ya hapo hapo yanaweza kukutoka nafuu zaidi.

Ukitaka mboji
Koni nzima huchukua miaka kuoza. Ziponde kwa nyundo au zipitishe kwenye mashine ya kusaga mabua, kisha ziloweke siku mbili tatu. Changanya ndoo 1 ya koni zilizopondwa, ndoo 3 za majani mabichi na ndoo 1 au 2 za samadi. Geuza kila baada ya wiki mbili. Ukiminya mchanganyiko mkononi uwe na unyevu kama sponji iliyokamuliwa, usichuruzike. Mboji ikiiva, chekecha. Vipande vigumu vilivyobaki virudishe kwenye lundo linalofuata.

Tahadhari ya moto
Hapa sitanii. Koni zina utomvu na zinawaka haraka sana. Kuanzia Juni hadi Oktoba huku kwetu ni kiangazi, upepo ni mkali, na moto wa jirani anayesafisha shamba unaweza kuvuka. Shamba la miaka minne linaweza kuisha mchana mmoja. Kwa hiyo:
- Lima barabara ya moto kuzunguka shamba, ibaki udongo mtupu.
- Usiunganishe matandazo ya mti na mti. Kila mche uwe na duara lake.
- Usirundike koni karibu na nyumba, pampu au mipira ya umwagiliaji.

Jambo la mwisho: koni zilizofunga zikipigwa na jua hufunguka na kumwaga mbegu. Mvua za Novemba zikianza, kagua na ung'oe miche ya paina ikiwa bado midogo.

Usianze na eka nzima. Chagua miche 10 uweke matandazo, na mingine 10 ya umri uleule uiache bila. Mwagilia sawa, chimba kidole kila wiki ulinganishe unyevu, andika kwenye daftari. Kiangazi kikiisha, daftari lako litakuambia kama inafaa kukodi kirikuu. Kazi kwako, kijana.