Ushahidi: Jina la kampuni lililobeba uzito wa mahakama

Kampuni ya teknolojia ya Nairobi iitwayo Ushahidi haina haja ya kumfafanulia Mswahili jina lake. Mgeni huenda akadhani liliteuliwa kwa utamu wa matamshi. Mwenyeji husikia mara moja kizimba, kiapo na hakimu.

Jina hilo lilizaliwa Januari 2008, siku chache baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais wa Desemba 2007 kuitumbukiza Kenya katika machafuko. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Wakili Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari za siasa katika intaneti, alitoa wazo kwamba maovu yaliyokuwa yakitendeka yawekwe kwenye ramani, ili asitokee baadaye mtu wa kuyakana. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa walioitikia, na haukupita muda mrefu tovuti ikaanza kazi. Aliyeona nyumba ikiteketezwa aliweza kutuma ujumbe mfupi wa simu, na tukio likaonyeshwa mahali lilipotokea.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa.

Lakini habari si ushahidi, na uvumi ndio kabisa. Neno hilo lenye asili ya Kiarabu ni ndugu wa shahidi, kushuhudia na hata shahada, na yote yanamtaka mtu asimame nyuma ya kauli yake. Mtuma ujumbe hali kiapo, wala hakuna wakili wa upande wa pili wa kumhoji. Ndiyo maana programu hiyo iliwekewa alama ya kutenganisha taarifa iliyothibitishwa na ile isiyothibitishwa. Hilo ni nusu tu ya jibu, kwa kuwa kuthibitisha huhitaji muda, na panapochomwa nyumba muda ndio adimu. Tena ramani inayoonyesha tukio yaweza kumfichua aliyeliona. Shahidi wa mahakamani angalau huomba ulinzi.

Kuhusu fedha, waanzilishi walishika njia inayolingana na jina, kwani shahidi anayelipwa hutiliwa shaka. Ushahidi ni shirika lisilo la kibiashara, na msimbo wa programu yake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha.

Uwazi huo ndio uliolivusha jina bahari. Haiti ilipokumbwa na tetemeko la ardhi Januari 12, 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, Marekani, waliitumia programu hiyo kuchora ramani ya maafa. Ujumbe uliotumwa kwa namba 4636 kwa lugha ya Krioli ulitafsiriwa na Wahaiti waishio ng'ambo. Huko ushahidi haukuwa tena shutuma dhidi ya mtu. Ulikuwa ukelele wa aliyefukiwa na kifusi au aliyekosa maji.

Agosti mwaka huohuo Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu Katiba mpya. Programu ileile ilitumika tena, safari hii kwa jina la Uchaguzi, na ramani ilifunguliwa kabla ya kura kupigwa.