Maradhi ya Akili na Idhini ya Kuhamia Ng'ambo

Miongoni mwa watu wa Kitale na Bungoma wanaotafuta idhini ya kuhamia Marekani, ama kwa bahati nasibu ya viza ama kwa kuwafuata ahali zao waliotangulia, iko hofu isiyosemwa hadharani: kwamba aliyewahi kutibiwa maradhi ya akili, akikiri mbele ya tabibu wa viza, amejifungia mlango milele. Kwa hofu hiyo vitabu vya kliniki huchomwa moto jikoni, dawa huachwa ghafla kabla ya basi la usiku la kwenda Nairobi, na jamaa wote hufundishwa kujibu kwamba jambo lile halikutukia kamwe. Mimi naamini kificho hicho kina madhara zaidi kuliko maradhi yenyewe.

Ni kweli kwamba sheria ya Marekani ilikuwa kali hapo kale. Mwaka 1882 iliwakataza wenye wazimu kuingia nchini, na ukali wa namna hiyo ulidumu zaidi ya karne moja, hata sheria ya mwaka 1990 ilipobadili mwelekeo. Tangu hapo jina la maradhi peke yake si kizuizi. Kinachotazamwa ni mwenendo wa hatari uliofungamana nayo, yaani kama mgonjwa amepata kudhuru nafsi yake, watu wengine au mali, na kama yamkini atarudia. Mwenye huzuni kuu aliyetulia kwa dawa aghalabu huandikwa daraja B, ambayo kwa upande wa afya haimnyimi viza. Daraja A ndiyo humzuia, naye hata hapo aweza kuomba msamaha.

Hapa pana jambo ambalo watu wetu hawalitazamii. Mume anayelewa chang'aa na kumpiga mkewe, ambaye kijijini haitwi mgonjwa na mtu yeyote, aweza kuzuiwa pale ambapo mkewe, aliyelazwa mwezi mzima kwa kihoro, atapita. Kwani tabibu huuliza juu ya ulevi na majeraha kama anavyouliza juu ya kulazwa, na mraibu hutakiwa kwanza atimize miezi 12 ya kuacha.

Wako pia waliojeruhiwa nyoyo na wanadamu wenzao. Vita vya Mlima Elgon vya mwaka 2006 hadi 2008, vilivyoanzia katika ugomvi wa ardhi ya Chebyuk, viliwatawanya watu wengi, na operesheni ya jeshi ya Machi 2008 ikazidisha mateso. Hata leo wapo wanaoshtuka usingizini kwa sauti ya mlango. Hali hiyo si hatia, wala kwa sheria niliyoieleza si kizuizi.

Uwongo ndio kizuizi. Anayeficha jambo zito kwa makusudi ili apate viza hupatikana na kosa jingine kabisa, na marufuku yake ni ya maisha isipokuwa asamehewe.

Kwa wanaokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani siwezi kutoa faraja hiyo hiyo, kwa kuwa kanuni za nchi za Ghuba, katika vipimo ambavyo watu huviita GAMCA, huyahesabu maradhi ya akili miongoni mwa yanayomkosesha mtu kazi. Lakini binti wa Kimilili anayeacha dawa zake ili afaulu vipimo, kisha akafungiwa katika nyumba ya watu asiowajua, mbali na tabibu na mama yake, amejitia katika hatari kubwa kuliko umaskini alioukimbia, na wazazi wanaomhimiza wanapaswa kulijua hilo.

Zamani familia zilikuwa na sababu nyingine ya kuficha, maana kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha Januari 2025. Basi, sababu hiyo ikiwa imeondoka, mwombaji wa viza ya Marekani na aende hospitali ya rufaa ya Kitale au Bungoma, au ile ya Moi huko Eldoret ikiwa ndiko alikotibiwa, aombe barua inayotaja maradhi, tarehe za kulazwa, dawa anazotumia, hali yake ya sasa na uwezo wake wa kufanya kazi, kwa kuwa maofisa hupima pia kama mgeni ataielemea serikali. Na barua hiyo aishike mwenyewe, asimwachie wakala.