Kwa Nini Baba Salma Kalazwa Mji Mwingine

Wifi yangu wa Tanga ameshatangaza kwenye kundi la familia kwamba nimemtupa kaka yake. Hospitali iko mtaa wa pili, anasema, nyie mnampeleka mwendo wa saa mbili kwa gari! Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp. Naandika hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Ugonjwa wa mume wangu uko kwenye kongosho. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na mrija wa nyongo unapita kichwani mwake. Uvimbe ukiota hapo, nyongo inakosa njia: macho manjano, mkojo mweusi, mwili unawasha. Kuutoa ndiyo kazi. Daktari anakata kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, kifuko cha nyongo na kipande cha mrija, kisha anaunga upya kilichobaki. Upasuaji huo unaitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York aliyeueleza mwaka 1935. Unachukua saa nyingi, na maungio yakivuja ni balaa. Hospitali zinazoufanya mara kwa mara hupoteza wagonjwa wachache kuliko zinazoubahatisha. Ndiyo maana mwongozo wa serikali ya hapa Uingereza wa mwaka 2001 ulitaka kazi hii ikusanywe kwenye vituo vichache, kila kimoja kihudumie watu milioni 2 hadi 4. Liverpool wamo, Birmingham wamo, Leeds wamo. Mji wetu haumo. Sikupanga mimi.

Kilichonikera mimi ni kikao cha wataalamu wa kituo hicho. Kila wiki wanakaa mpasuaji, msoma picha, bingwa wa saratani, mtu wa maabara na nesi bingwa, wanamjadili mume wangu kwa jina, na mwenyewe hayumo. Hata mimi simo! Uamuzi unakuja kwa simu ya nesi, halafu barua, nakala kwa daktari wa mtaa. Nyumbani daktari angetukuta tumejaa chumbani na shangazi wawili, akaulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Hapa wana adabu sana, na maegesho wanatoza kwa saa.

Halafu vidonge. Kongosho likikatwa chakula hakisagiki vizuri, kwa hiyo kila mlo una Creon zake, vidonge vya kusaga chakula. Mwanangu Kassim, ambaye vitabu vya shule havimhusu, alisoma kikaratasi chote akapiga kelele: "Mama, ni nguruwe!" Kweli, hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Imamu wetu akasema ni dharura, ameze. Kassim akataka kujua kama njaa ya saa sita shuleni nayo ni dharura, maana kuna soseji. Salma naye kajipa unesi: anahesabu vidonge, anamnyang'anya baba yake chai ya moto asimezee, maana joto linaviharibu. Juzi kamgombeza muuguzi wa kweli kwa kuchelewesha kidonge, na muuguzi akaomba radhi.

Kwa hiyo wifi, kaka yako hajatupwa. Simu pigeni jioni, mchana analala.